Mheshimiwa wa Hapa Hana CDF: Hotuba ya Jumamosi, Brooklyn Park

(Hii ni hotuba niliyotoa kwa jamii yetu hapa Brooklyn Park, Minnesota, mwishoni mwa Novemba 2025. Wengi mlikuwa shifti mkaomba iwekwe yote. Nimeiacha vile ilivyosemwa, zile picha za ukutani tu ndio sijaweka.)

Hamjambo wazee wetu, hamjambo mama zetu, hamjambo vijana, na nyinyi mliokaa kule nyuma karibu na sufuria za pilau nimewaona, sitawachelewesha sana.

Nianze na swali. Nani hapa anamjua kwa jina mbunge wa kwao nyumbani, awe Kenya, awe Tanzania, awe Kongo? Inueni mikono. Haya, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa nani anamjua seneta wake wa hapa, na simaanishi wale wa Washington, namaanisha seneta wa jimbo anayekaa kikao pale St. Paul? Mmh. Naona mikono michache, na mmoja ni wa mtoto aliyesomeshwa shuleni wiki hii. (Watu wanacheka.)

Mnacheka lakini hiyo ndiyo mada yangu leo. Sisi tunajua nani amehama chama gani Nairobi, tunajua nani amegombana na nani Dodoma na Kinshasa, tunakesha WhatsApp tukibishana, alafu asubuhi tunaamka kwenda kazini chini ya sheria zilizotungwa maili kama 20 kutoka hapa na watu ambao hatuwajui hata sura. Na tukiwajua tunawaomba vitu ambavyo hawana. Hilo la pili ndilo linaniuma zaidi.

Mwaka jana Novemba mwenzetu Huldah Momanyi Hiltsley alichaguliwa kuingia Bunge la Minnesota, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kufika pale. Tulifurahi, tulipiga vigelegele, si ndio? Na usiku uleule kwenye grupu moja nikaona mtu ameandika, "sasa basari za watoto zimefika." Sasa ndugu yangu, basari gani?

Tuelewane hapa mapema. Mheshimiwa wa hapa hana CDF. Kule Kenya tangu 2003 mbunge ana ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, ndio CDF, unajenga darasa, unalipa basari, unachimba kisima, na Watanzania nyinyi mna mfuko wenu wa jimbo. Kwa hiyo sisi tumekua tukijua mbunge ni mtu anayekuja na gari kubwa, anasalimia, anatoa kitu kwenye harambee, anaondoka na vumbi. Hapa hakuna. Mheshimiwa wa hapa hana CDF, hana basari, hana bahasha ya matanga. Mshahara wake ni dola elfu 51 na kitu kwa mwaka, kuna watu wamekaa hapa wanafanya dabo shifti wanamzidi. Na hapo Minnesota ni afadhali, nendeni New Hampshire, mbunge wa jimbo analipwa dola 100 kwa mwaka, mia moja nimesema, hivyo hivyo tangu 1889, na wako 400.

Nimewahi kuwa kwenye ibada ya wafu ya mwenzetu, tunachanga mwili usafirishwe nyumbani, na mbunge mmoja akaja kutupa pole. Mshereheshaji akachukua maiki, "tunajua mheshimiwa hatatuacha mikono mitupu." Ukumbi ukanyamaza. Yule mama wa watu akasimama, akasema maneno mazuri ya rambirambi, akatoa noti yake kwenye pochi kama mtu mwingine yeyote, akaacha kadi zake mezani. Baadaye nikasikia watu nje, "huyu hana maana, kadi tutakula?" Na nikaangalia zile kadi, hakuna aliyeokota. Jamani, ile kadi ilikuwa na thamani kuliko ile noti! Nitawaambia kwa nini.

Kwanza jueni mtu mwenyewe ni nani. Minnesota ina wabunge 134 na maseneta 67, jumla 201. Kila eneo la seneta linagawanywa mara mbili, A na B, kila upande mbunge wake. Ndio maana unasikia 38A, 38B. Chukua watu wote wa sensa ya 2020, milioni 5.7, gawanya kwa 134, mbunge mmoja ana watu kama elfu 42 na ushee. Sasa fanya hesabu hiyo kwa Kenya, sensa ya 2019 milioni 47 na nusu, gawanya kwa maeneo bunge 290, unapata laki moja na elfu sitini na kitu. Yaani wa hapa yuko karibu nawe mara tatu, nne. Na usikie hili vizuri wewe ambaye bado hujapata uraia: wale elfu 42 ni watu waliohesabiwa, sio wapiga kura. Mtoto amo. Mwenye green card amo. Hata asiye na karatasi amo. Huwezi kupiga kura, sawa, lakini kupiga simu nani amekukataza?

Sasa ile kadi. Kuna dada mmoja wa hapa kwetu, simtaji na sitataja ofisi, alikuwa amemaliza masomo, kazi imeshapatikana, kilichobaki ni karatasi moja itoke ofisi fulani ya serikali ya jimbo. Haitoki. Anapiga simu anawekewa muziki. Anaandika imeili anajibiwa na mashine. Wiki zinaenda, mwajiri anauliza utakuja au hutakuja. Nikamuuliza umemwandikia mbunge wako? Akaniangalia hivi, "mbunge na karatasi yangu wapi na wapi?" Tukakaa tukaandika imeili fupi, jina, anwani ya nyumbani ili wajue ni mtu wao, namba ya faili, tarehe alizopiga simu, basi. Kumbe zile ofisi za serikali nyingi zina mtu ambaye kazi yake ni kujibu wabunge, na msaidizi wa mbunge anamjua kwa jina. Akaulizwa: faili la huyu mwananchi limekwama wapi? Likapatikana. Kulikuwa na fomu moja imeingia kwenye faili la mtu mwingine.

Hakuna aliyehongwa hapo. Hakuna aliyerukishwa foleni. Mbunge aliuliza swali tu, na serikali ikiulizwa swali na mtu anayepiga kura ya bajeti yake huwa inajibu haraka kidogo, si mnaelewa?

Lakini peleka shida mahali pake. Nimeona mtu anamlilia mbunge wa jimbo kuhusu visa ya mke wake aliyeko Eldoret. Huyo hawezi kitu, mambo ya uhamiaji ni ya Washington, unapiga ofisi ya mbunge wako wa Congress au ya wale maseneta wawili wa taifa, na wao wana watu wa kufuatilia mafaili hayo bure kabisa, usimlipe mtu. Theluji haijazolewa mtaani kwako? Hiyo ni siti, yaani serikali ya mji. Stempu za chakula, ule msaada wa serikali, zimekatika? Anza na kaunti ya Hennepin. Ila leseni ya udereva, leseni ya unesi, malipo ya ukosefu wa kazi, na nyinyi wenye makampuni ya 245D, yale ya kuhudumia wenye ulemavu na wazee, na ile ofisi inayowapa leseni, hayo ni ya jimbo, hapo mbunge wako ana mdomo. Namba yenyewe 245D mnaitaja kila siku kama jina la mtoto, mnajua ni nini? Ni sura ya sheria za Minnesota. Imeandikwa St. Paul, inabadilishwa St. Paul, na ikibadilishwa mnashtuka mwezi wa saba mkipata barua.

Basi twendeni St. Paul.

Kama hujafika, nenda. Ni jumba la marumaru nyeupe, lilifunguliwa 1905, juu kuna farasi wanne wa dhahabu wanang'aa ukiwa barabarani unawaona. Ukiingia kwenye ukumbi mkubwa utaona kama mchezo wa kuigiza, mheshimiwa spika, mheshimiwa nani, kengele, kura kwenye ubao. Usidanganyike na pale. Wakifika pale karibu kila kitu kimeshaiva, jiko lenyewe ni kamati.

Mswada unaanza hivi: mtu ana wazo, mara nyingi hata sio mbunge, ni mwananchi au chama fulani. Mbunge analipeleka kwa wanasheria wa bunge, ofisi inaitwa Revisor, wao wanaliandika kisheria. Linapewa namba, HF kama ni ya Baraza la Wawakilishi, wale wabunge 134, SF kama ni ya Seneti. Linatumwa kamati. Na hapo, ndugu zangu, ndipo miswada mingi inafia. Katika ile miaka miwili ya 2023 na 2024 Baraza peke yake lilipokea miswada zaidi ya elfu 5. Elfu tano! Mwenyekiti wa kamati asipoupangia siku umelala. Mwezi wa tatu au wa nne kuna tarehe za mwisho, usipopita kabla ya tarehe hiyo umelala. Na ile ya bajeti inakuja kufungwa pamoja kwenye mswada mmoja mnene wa mamia ya kurasa, wako unakuwa aya tatu katikati, unautafuta kwa tochi.

Na muda wenyewe ni mfupi. Katiba yao inawapa siku 120 za kikao katika miaka miwili, na wamalize Mei. Mwakani wanaanza Februari 17, na mwisho ni Mei 18. Baada ya hapo wengi wanarudi kwenye kazi zao, huyu mwalimu, yule wakili, mwingine mkulima.

Mimi nimekaa kwenye vyumba vile vya kamati. Mama mmoja wa kwetu, anafanya usiku kwenye nyumba ya wazee, alitoka kazini asubuhi akaja moja kwa moja na sare yake ya kazi, kamati inaanza saa mbili na robo. Ilikuwa ile 2023, wanajadili siku za kuugua zenye malipo. Wakampa dakika mbili. Akasema: mimi nikiwa na homa naenda kazini, kwa sababu nisipoenda silipwi, na nikienda nawalisha wazee wenu kwa mikono hii. Wazee wenu. Alafu akakaa. Wakati anaongea wabunge wawili walikuwa kwenye simu na mmoja akatoka, mama wa watu akaniambia, "hawakusikiliza." Nikamwambia subiri. Wale wanaingia kamati tatu kwa siku, wanatoka huku wanakimbilia kule, kumpigia mswada mwingine debe. Na mmoja wa waliokuwa kwenye simu akatufuata kwenye korido, akamuuliza nyumba yenu ina wafanyakazi wangapi, usiku mko wangapi, mkiugua nani anawashika nafasi. Akaandika yote.

Siwezi kusema sheria ilipita kwa sababu yake, walikuja watu wengi sana na waajiri pia walikuja kupinga, na wana haki yao. Lakini sheria ilipita. Kuanzia Januari 2024 kila saa 30 unazofanya kazi unajiwekea saa moja ya kuugua, mpaka 48 kwa mwaka. Na Januari mosi hii inayokuja inaanza ile likizo ya malipo ya ugonjwa na uzazi, mpaka wiki 12, nayo ilipitishwa 2023. Wangapi mnazijua? Wangapi mmeuliza kazini? Haya, hiyo ni hotuba nyingine.

Sasa nataka nikae kidogo hapa kwenye leseni za udereva, kwa sababu vijana wananiambia "tulienda mara moja hatukuona kitu." Mnajua kwamba kabla ya 2003 mtu asiye na karatasi za uhamiaji aliweza kupata leseni Minnesota? 2003 utawala wa gavana wa wakati ule ukabadilisha kanuni, mlango ukafungwa. Watu wakaanza kwenda St. Paul. Wakaenda mwaka huo, wakaenda mwaka uliofuata, Walatino wengi, Waafrika, wakulima wenye ng'ombe wa maziwa wanaotaka wafanyakazi wao waendeshe, mapadri, hata polisi wengine. Mswada unapita upande mmoja unafia upande mwingine. Mtoto aliyezaliwa wakati wanaanza amekua amemaliza sekondari. 2023 ndio ukapita, HF 4, Aisha Gomez akiubeba Barazani na Zaynab Mohamed, binti wa Kisomali, akiubeba Seneti, gavana Walz akaweka sahihi mwezi wa tatu, ukaanza kazi Oktoba mosi. Miaka ishirini! Sasa wewe umeenda mara moja, ukakosa maegesho, ukarudi ukasema siasa za hapa ni bure.

Jambo la mwisho ni zito, na najua wengine halitawapendeza.

Uchaguzi wa 2024 ulileta Baraza lililogawanyika katikati, Warepublican 67, na Wademocrat, ambao hapa wanaitwa DFL, 67. Kupitisha mswada unahitaji 68. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kitu peke yake. Kule Shakopee, 54A, kiti kilipatikana kwa kura 14, kura kumi na nne! Watu waliokaa meza hii ya mbele wangeweza kubadilisha Baraza zima la Minnesota. Mwanzoni mwa mwaka waligombana wiki kadhaa hata kukaa hawakai, mahakama ikaingilia, mpaka Februari ndio wakakubaliana, Lisa Demuth wa Republican akawa spika, mwanamke mweusi wa kwanza kukalia kiti kile.

Ikafika bajeti. Upande wa Republican wakasema tunakubali, lakini MinnesotaCare, ile bima ya afya ya jimbo, kwa watu wazima wasio na karatasi iondoke. Ile bima ilikuwa imeanza Januari hiyohiyo. Bila bajeti serikali ingefungwa Julai mosi, wafanyakazi warudi nyumbani. Juni 9 wakapiga kura. Ilipita 68 kwa 65. Na kwa upande wa DFL kura ya ndiyo ilikuwa moja tu, ya kiongozi wao mwenyewe, Melissa Hortman. Wa hapa. Brooklyn Park. Jirani yetu.

Alikuwa spika miaka sita, na bima ile ilipitishwa chini ya uspika wake. Akapiga kura kuiondoa, kwa sababu makubaliano yalihitaji kura na hakutaka kumtuma mwingine abebe mzigo ule. Alilia mbele ya waandishi wa habari. Mimi nilikasirika, na bado sikubaliani na kura ile, kwa sababu najua watu ambao mwezi ujao bima yao inakwisha, wengine wamo humu. Lakini nilielewa kitu kuhusu kazi hii. Mbunge akisema ndiyo sio kila mara moyo wake unasema ndiyo. Anauza kimoja kuokoa kingine, na watoto walibaki na bima yao, hiyo nayo iko kwenye makubaliano. Ukitaka kumkasirikia mkasirikie, mwandikie, mwambie nimeumia, ila jua alikuwa anabadilishana nini na nini.

Siku tano baadaye, usiku wa kuamkia Juni 14, mtu aliyejifanya polisi alikuja nyumbani kwake akamuua yeye na mumewe Mark. Usiku huohuo seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi nyumbani kwao, Mungu akawanusuru. Wengine wenu mlisikia helikopta, mlipokea ule ujumbe kwenye simu wa msifungue mlango. Huyu mama Hortman aligombea 1998 akashindwa, akagombea 2002 akashindwa, akashinda 2004, na tangu hapo alikuwa anarudi mitaa hiihii, duka hilihili tunalonunua mchele. Hana mlinzi. Hana msafara. Mbunge wa hapa anwani yake ya nyumbani ilikuwa inapatikana kirahisi tu, kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi, mwakilishi ni jirani.

Sasa wameanza kuficha anwani, na siwalaumu. Ila nina hofu, na hofu yangu ni hii: wakijifungia sana watakaowafikia ni malobisti tu, wale wanaolipwa kuwashawishi wabunge, maana wao njia wanaijua hata gizani. Tangu 1994 kuna sheria inamzuia lobisti kumpa mbunge zawadi, lakini hakuna sheria inamzuia kufika mapema kuliko wewe. Mchungaji hapa aliniuliza wiki iliyopita, je, si hatari kuwaambia watu waende? Nikamwambia mchungaji, wao wenyewe walirudi kazini. Kiti cha Hortman kilijazwa Septemba na Xp Lee, na yeye naye anagonga milango mitaa hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi ombi langu ni dogo. Msimuite mheshimiwa kwenye harambee mkamtazama mfukoni. Mwiteni hapa Januari kabla kikao hakijaanza, tukae naye saa moja, bila kadi ya mchango, tumwambie shida mbili tatu zilizo za jimbo. Watu wa 245D mje na yenu imeandikwa, ukurasa mmoja, sio kumi. Wauguzi mje na yenu. Na mwezi wa tatu tutoke na magari tukakae kwenye kamati, hata kama huongei, kaa tu, mwenyekiti anaangalia viti.

Kuna karatasi pale mlangoni na kalamu, andika jina na anwani, tutakutafutia kama uko A au B na mbunge wako ni nani, mtoto wa mzee Kahawa Mbili, tumuite hivyo, yuko na laptop anajua. Ambao mko shifti siku ya kamati, tunaweza kutuma maoni kwa maandishi au kuongea kwa Zoom kamati ikiruhusu, niambieni mapema nipigie ofisi ya kamati. Na mwenye gari la watu saba aandike hapo chini ya jina lake.

Maswali? Wewe mama mwenye kilemba cha kijani, nimekuona tangu mwanzo unataka kuniuliza. Simama.